Laurenti: ni mti, ni mji au ni mtu? Naomba msaada kabla sijamwandikisha mtoto

Mwana wa Katubuka

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tunatarajia mtoto mwezi ujao, na tumekubaliana kwamba akiwa wa kiume atachukua jina la marehemu baba yangu. Shida ni kwamba jina lenyewe lina sura nne. Usiku huu nimetandaza karatasi za mzee mezani: cheti cha ubatizo kinasema Laurentius, kitambulisho cha kazini kinasema Lawrence, kadi ya mpiga kura inasema Laurent, na msalaba wa kaburi lake, ambao fundi aliuandika kwa kufuata tulivyomwita nyumbani, unasema Laurenti. Alipofariki, ofisi moja ilituzungusha miezi saba juu ya mafao yake kwa madai kwamba hao ni watu wanne, mpaka tulipopeleka hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili. Sitaki mwanangu arithi usumbufu huo.

Nimeuliza maana ya jina hapa Kigoma nikapata majibu matatu. Mjomba anasema ni jina la mti. Katekista anasema ni jina la shahidi wa Roma na halina maana nyingine. Rafiki yangu mwalimu anasema ni jina la mji uliokufa. Yupi mkweli, na niandike sura ipi kwenye cheti cha kuzaliwa?

Mnyamwezi wa Isevya

Hongera mkuu, Mungu awajalie uzazi salama. Mimi niko na katekista. Laurenti alikuwa shemasi wa Roma, akauawa tarehe 10 Agosti mwaka 258 wakati wa mateso ya kaisari Valeriani, siku nne tu baada ya Papa Sisto wa Pili kuuawa. Mapokeo yanasema alichomwa juu ya kichanja cha chuma, na ndiyo maana katika picha za makanisani huchorwa akiwa amekishika. Wazee wetu wa Unyamwezi walipobatizwa hawakupewa mti wala mji. Walipewa msimamizi wa kuwaombea.

Aliyepita Kipalapala

Ndugu wa Isevya amesema kweli kuhusu shahidi, lakini swali la msingi linabaki palepale: huyo shemasi mwenyewe aliitwaje hivyo? Nilisoma Kilatini miaka minne, na jambo hili lilitushughulisha sana darasani. Laurentius kwa Kilatini ni mtu wa Laurentum, na Laurentum ulikuwa mji wa pwani ya Latio, kusini-magharibi mwa Roma, katika eneo lilelile ambalo Plinio Mdogo alikuwa na nyumba yake ya mapumziko, maili 17 kutoka mjini kwa hesabu yake mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu rafiki yako yuko sahihi.

Hata hivyo mjomba wako naye hajakosea. Mshairi Vergilio, katika kitabu cha saba cha utenzi wake wa Enea, anasimulia kwamba mfalme Latino alipokuwa akijenga ngome yake aliukuta mti wa laurus mahali pale, akauweka wakfu kwa Apolo, na wakazi akawaita Walaurenti kwa sababu ya mti huo. Kwa masimulizi hayo, mti ulizaa mji, mji ukazaa jina la mtu.

Lakini naomba tusiyachukue maneno ya mshairi kama cheti. Washairi wa kale walipenda kutafuta neno linalofanana na jina la mahali kisha wakalitungia kisa, sawasawa na wazee wetu wanavyofanya kwa majina ya vijiji. Wapo wataalamu wanaoona kwamba jina la mji ni la kale kuliko Kilatini chenyewe na kwamba kufanana kwake na mti ni bahati tu. Wapo pia wanaobisha kwamba Laurentum haukuwa mji wa pekee, bali lilikuwa jina jingine la Lavinium, kwa kuwa wenyeji waliitwa kwa majina yote mawili pamoja.

Mtunza Miche, Kasulu

Uzi mzuri. Naomba niseme juu ya mti, kwa sababu mjomba amepita haraka mno mahali penye utamu. Mti wenyewe unatoka nchi za Bahari ya Kati, na majani yake makavu ndiyo yale yanayouzwa kwa pakiti pamoja na viungo vya pilau. Wagiriki na Warumi waliyasuka kuwa taji la mshindi, na Waitaliano hadi leo huiita shahada ya chuo kikuu laurea.

Huku kwetu mti huo hauoti wenyewe, lakini ndugu zake tunao. Wataalamu wa mimea waliuchukua mti wa laurus wakaupa ukoo mzima jina lake, na katika ukoo huo yumo mdalasini na yumo mparachichi. Kwa hiyo ndugu wa Katubuka, ukiwa na mparachichi uani, unakaa chini ya ndugu wa mti wa jina la baba yako. Vunja jani bichi la mparachichi ulinuse, hasa ile miche ya asili ya Meksiko. Lina harufu inayokaribia ya anisi.

Mnyamwezi wa Isevya

Mtunza Miche, sasa kila mwenye mparachichi Kasulu atadai kwamba ana undugu na kaisari! Nimefurahi kujua, ila bado nasema jina la Kikristo hufuata mtu, halifuati jani.

Binti Ujiji

Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu na jina hili si la kwetu, lakini yaliyoandikwa na aliyepita Kipalapala yamenigusa kwa sababu nasi tuna mfano wake kamili. Hapa Ujiji wapo vijana wanaoitwa Bukhari. Mzazi humwita mwanawe hivyo kwa heshima ya imamu mkusanyaji wa hadithi za Mtume, lakini imamu yule jina lake ni Muhammad. Bukhari maana yake ni mtu wa mji wa Bukhara. Jina la mahali limemganda mwanachuoni, likaachana na mahali pake, likaja mpaka kando ya Ziwa Tanganyika likiwa jina la mtoto ambaye hajui kwamba Bukhara ni mji. Laurenti naye amesafiri vivyo hivyo. Kwa hiyo katekista na mwalimu wanagombania vituo viwili vya safari moja.

Nyongeza ndogo: kwa Kiarabu mti huo unaitwa ghar, na mafuta yake ndiyo yanayotiwa kwenye sabuni maarufu ya Aleppo.

Mvuvi wa Kibirizi

Nimesoma kote, asanteni. Nataka kuongeza upande ambao watu wa Kigoma hatuwezi kuukwepa. Kwetu Kibirizi, walioitwa Laurent tangu miaka ya 1990 si wote waliofuata kalenda ya kanisa. Kaka yangu alimpa mwanawe jina hilo mwaka 1997, mwaka ambao Laurent-Désiré Kabila aliingia madarakani Kinshasa. Mzee yule alikuwa ameongoza waasi miaka mingi katika milima ya Fizi, ng'ambo ya ziwa hili hili, na kwa wavuvi na wachuuzi wa huku habari zake hazikuwa ngeni. Majirani zetu waliotoka Kongo humwita mtoto yule Lora, na sauti ya mwisho huimezea puani, kwa kuwa Wafaransa t ya mwisho huiandika bila kuitamka. Bibi yake Muha anamwita Rorenti. Shuleni anaitwa Lawrence. Mtoto mmoja, na anaitika kote.

Mnyamwezi wa Isevya

Na bibi yangu mimi alisema Lolenti, kwa sababu Kinyamwezi chetu hakina r. Maria ni Malia. Tulimcheka tulipokuwa wadogo, jambo ambalo leo linanisikitisha.

Aliyepita Kipalapala

Ndugu wa Isevya, hukuwa na sababu ya kumcheka, maana bibi alifanya jambo ambalo Waitaliano walilifanya kabla yake. Kilatini kiliandika Laurentius kwa a na u zikifuatana. Waitaliano na Wahispania waliziunganisha zikawa o, wakapata Lorenzo. Wareno waligeuza kidogo, wakapata Lourenço. Wafaransa waliziacha kwenye maandishi lakini mdomoni wanatamka o. Bibi yako Tabora na bibi wa Kibirizi, bila kuwasiliana na mtu wa Roma, waliunganisha irabu zilezile na kupata o ileile. Kisha mmoja akachagua l na mwingine r kwa kufuata lugha yake.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Wajerumani wanasema Lorenz, Waholanzi Laurens, Wafini Lauri, Wahungaria Lőrinc, Warusi Lavrentiy, Wacheki Vavřinec, na Wapoland husema Wawrzyniec, hali mti wenyewe huuita wawrzyn. Waskandinavia walilikata jina mpaka likabaki Lars. Ukiwaweka Lars na Wawrzyniec pamoja chumbani hakuna atakayedhani kwamba wanasimamiwa na mtakatifu mmoja.

Mpenda Ramani

Mmesahau nusu ya pili ya safari. Jina lilitoka mji likawa mtu, kisha likarudi kuwa mahali, na sababu kubwa ilikuwa tarehe 10 Agosti. Mabaharia wa Kizungu walikuwa na kalenda ya watakatifu mkononi, na nchi waliyoiona siku fulani waliipa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Tarehe 10 Agosti 1500, Mreno Diogo Dias aliiona Madagaska, na kwa muda mrefu ramani za Wareno ziliandika kisiwa hicho São Lourenço. Mwaka 1535, tarehe hiyohiyo, Mfaransa Jacques Cartier aliupa jina la Mtakatifu Laurenti mto mkubwa wa Kanada. Mwaka 1557 jeshi la mfalme Filipo wa Pili wa Hispania lilishinda vita vya Saint-Quentin siku hiyohiyo, naye akajenga kasri na monasteri ya San Lorenzo pale El Escorial. Na jirani zetu wa Msumbiji walikuwa na mji mkuu ulioitwa Lourenço Marques mpaka mwaka 1976, nao ulipata jina kwa mtakatifu.

Msafiri wa Reli ya Kati

Mpenda Ramani, naomba nikusahihishe mahali pawili. Kwanza, Cartier hakuupa mto jina. Siku ile aliipa jina ghuba moja ndogo tu, na waandishi wa ramani waliokuja baadaye ndio waliolieneza jina hadi ghuba kuu na mto wenyewe. Pili, Lourenço Marques hakuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara wa Kireno aliyeichunguza ghuba ile mwaka 1544, na mji ukabeba jina lake hadi ulipoitwa Maputo. Kwa hiyo pale jina lilitoka kwa mtu wa kawaida ambaye wazazi wake ndio waliofuata mtakatifu. Ni hatua moja zaidi, na hatua hizo ndizo tunazozihesabu hapa.

Hali ni hiyo hiyo Marekani: mji wa Lawrence ulioko Massachusetts na ule wa Kansas umepewa kila mmoja jina la tajiri wa ukoo wa Lawrence. Mtu akizaliwa pale akapewa jina la mji wake, je, ni la mtakatifu, la tajiri au la mti?

Mpenda Ramani

Nimekubali yote mawili, ahsante. Lakini Madagaska siirudishi.

Kijana wa Gongoni

Wapenzi wa mpira mnaijua San Lorenzo ya Buenos Aires, timu aliyoishabikia Papa Fransisko. Inasimuliwa kwamba vijana waliotaka kuiunda mwaka 1908 walipenda kuipa jina la padre Lorenzo Massa aliyewapa uwanja wa kuchezea, naye akakataa kutukuzwa. Wakakubaliana kwamba jina liwe la mtakatifu na la vita vya San Lorenzo vya mwaka 1813. Hapo jina moja lina sababu tatu, na zote zimo ndani ya kikao kimoja.

Mwana wa Katubuka

Nashukuru sana, sikutegemea kufika Argentina. Naomba niwarudishe Kigoma. Hii i ya mwisho katika Laurenti imetoka wapi? Je, ni Kilatini kilichokatwa mkia, au ni Kifaransa kilichoongezwa irabu?

Aliyepita Kipalapala

Mimi nasema Kilatini. Madaftari ya ubatizo yaliandikwa kwa Kilatini, na ukiondoa -us katika Laurentius unabaki na Laurenti moja kwa moja. Tazama ndugu zake: Klementi, Vinsenti, Inosenti. Ni mtindo wa kanisa.

Msafiri wa Reli ya Kati

Nami nabisha kwa heshima. Klemens na Vincentius havina mwisho mmoja kwa Kilatini, lakini kwa Kiswahili vyote vimeishia -enti. Hiyo inaonyesha kwamba kazi imefanywa na Kiswahili, ambacho hakipendi neno liishie kwa konsonanti, wala si kisu cha Kilatini. Kumbukeni nani walileta majina. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879, na wengi wao walikuwa Wafaransa. Waliandika Laurent, Mwafrika akaisoma kama ilivyoandikwa, akaongeza i.

Na kuna tabaka nyingine. Wajerumani walitawala hapa, ndiyo maana wazee wengine ni Lorensi, kutoka Lorenz. Wabelgiji waliiteka Tabora mwezi Septemba 1916 na Kigoma walikuwa wameshaishika, nao walikuja na Kifaransa chao. Kisha Waingereza wakaleta Lawrence ya maofisini. Sura nne za jina la marehemu mzee wako zinaonyesha tawala na kanisa vilivyopita juu ya mtu mmoja.

Mwanahistoria wa Nyumbani

Mnaonaje kuhusu Kardinali Laurean Rugambwa? Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuwa kardinali, mwaka 1960, naye alikuwa Laurenti.

Aliyepita Kipalapala

La, ndugu yangu. Laurean ni Laureanus, jina la mtakatifu mwingine anayetajwa kuwa askofu wa Seville, na sikukuu yake iko Julai, si Agosti. Hapo mji wa Laurentum haumo. Hilo linaelekea moja kwa moja kwenye taji la majani.

Dada wa Mwanga

Kuna jambo limenikaa rohoni. Mmesema majina yote haya yanatoka Roma, lakini niliwahi kusoma kuhusu askofu mkuu wa Dublin aliyefariki mwaka 1180, anayejulikana kwa Kiingereza kama Laurence O'Toole. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lorcán, jina la Kiayalandi lisilohusiana na Kilatini hata kidogo. Walioandika kwa lugha nyingine walilitafutia jina la kanisa lililofanana nalo kwa sauti, na watu wengi wa Ayalandi walioitwa Lorcán wakageuka kuwa Laurence.

Nimelisema kwa sababu babu yangu Muha alikuwa na jina la nyumbani, na mtu aliyeandika daftari alipolisikia vibaya akaandika jina la Kizungu lililokaribia sauti yake. Tulikuja kulijua jina lake la kweli siku ya matanga, shangazi zake walipolitaja wakilia.

Mnyamwezi wa Isevya

Pole dada. Hilo ni zito, na limenifanya nipunguze ukali wangu wa kumtetea katekista.

Mtunza Miche, Kasulu

Nimerudi na kosa langu mwenyewe. Leo nimenunua pakiti ya majani ya pilau sokoni, nikamwaga juu ya gazeti. Jani la laurus lina mshipa mmoja mkuu katikati, na mishipa midogo inatoka pembeni kama mifupa ya samaki. Haya niliyoyanunua yana mishipa mitatu mirefu inayotoka karibu na kikonyo na kwenda sambamba hadi karibu na ncha, na yana harufu ya mdalasini. Haya ni majani ya Kihindi, ya ukoo uleule lakini ya mti mwingine. Kwa hiyo niliyosema kwamba majani ya pakiti ndiyo ya Laurenti ni kweli kwa pakiti nyingine tu. Itabidi kila mtu ageuze jani lake atazame mgongo.

Binti Ujiji

Nimelitazama la kwangu jikoni. Mishipa mitatu.

Kijana wa Gongoni

La kwetu Tabora lina mmoja. Duka la karibu na stendi.

Mvuvi wa Kibirizi

Turudi kwa mtoto. Mimi nashauri aandikwe Laurent, kwa kuwa ndivyo kadi ya babu ilivyosema, na kompyuta za ofisini zinalijua.

Dada wa Mwanga

Nami nashauri Laurenti, kwa sababu ndivyo mama yake atakavyomwita akimtafuta jioni. Jina la cheti likitofautiana na la mdomoni, usumbufu huanza siku ileile ya kwanza shuleni.

Mwana wa Katubuka

Wakuu, jana nilikwenda parokiani, nikaruhusiwa kuliona daftari lenyewe. Wino umefifia ukawa rangi ya chai, lakini unasomeka: Laurentius, ubatizo wa tarehe 12 Agosti 1951, ambayo nimekagua nikaona ilikuwa Jumapili. Nilifurahi, nikadhani kwamba Mpenda Ramani ameshinda na mzee alipewa jina la sikukuu ya siku mbili kabla. Nilipomweleza mama, akasema hapana. Babu alimwambia kwamba jina lilitoka kwa msimamizi wa ubatizo, mchukuzi wa zamani wa Tabora. Shangazi aliyekuwa akimenya muhogo pembeni akasema wote wamekosea, kwamba mtoto aliitwa hivyo kwa sababu kaka yake aliyemtangulia na kufa akiwa mchanga alikuwa Laurenti.

Nikarudi kwenye daftari leo asubuhi kutafuta huyo kaka. Kurasa za mwaka 1949 zimeliwa na mchwa kuanzia juu mpaka katikati, na katika nusu iliyobaki nimehesabu watoto wanne wanaoitwa Laurentius, wawili bila jina la baba. Kama kuna mtu mwenye wazee wa upande wa Uvinza waliobatizwa miaka hiyo, naomba aniandikie hapa.